Wahadhiri wa Muda na Haki ya Chama: Funzo Kutoka Kenya



Tarehe 5 Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma katika nchi jirani ya Kenya walirejea kazini baada ya mgomo wa siku 49. Walikuwa wakidai shilingi bilioni 7.9 za Kenya, malimbikizo yaliyotokana na mkataba wao wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021, na Serikali ikakubali kuzilipa kwa awamu mbili. Habari hiyo ilitangazwa kwa kirefu, nayo ilistahili kutangazwa. Walakini katika madarasa yale yale limo kundi jingine la walimu ambalo malipo yake hayapimwi kwa mkataba huo, wala halikuwa na fungu katika mabilioni hayo. Hao ndio wahadhiri wa muda: watu wanaoitwa kufundisha somo moja au mawili, wakalipwa kwa saa au kwa somo, na muhula ukimalizika hawajui kama wataitwa tena.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili. Imekuwaje katika nchi ambayo wahadhiri wake walivumilia miaka 23 ya marufuku, kizuizi na kufukuzwa kazi ili wapate chama, walimu wengi wa vyuo vikuu leo wafundishe bila chama, bila bima na bila uhakika wa malipo? Jibu lake halipatikani katika matukio ya mwaka mmoja. Hapana budi kuitazama historia.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilitokana na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956. Mwaka 1963 kilijiunga na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chuo chake. Basi wahadhiri wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam walikuwa kwa miaka saba watumishi wa chuo kikuu kimoja, na yaliyowapata wenzao wa Nairobi baadaye hayakuwa habari za watu wa mbali.

Katika miaka ya 1970 wahadhiri wa Nairobi waliunda chama chao cha wafanyakazi. Kama chama chochote, kilihusika na mishahara na masharti ya kazi. Lakini mwalimu wa chuo kikuu ana jambo jingine linalomgusa kuliko watumishi wengi: kazi yake ni kusema na kuandika, na mwajiri asiyependa alichokisema anaweza kumnyima kazi. Jambo hilo lilidhihirika mwishoni mwa Desemba 1977, mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi, alipokamatwa na kuwekwa kizuizini kwa takriban mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake. Chama cha wahadhiri kililichukua suala lake na kudai arudishwe. Hapo ndipo wakubwa walipokiona chama hicho kuwa ni jambo la siasa na wala si la mishahara tu.

Mwaka 1980 Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikipiga marufuku chama cha wahadhiri, pamoja na chama cha watumishi wa Serikali. Tangu siku hiyo mhadhiri mwenye dai alikwenda peke yake mbele ya wakuu wa chuo. Aliyepandishwa cheo alipandishwa kwa hisani, na aliyenyimwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa isipokuwa kwa yule yule aliyemnyima.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Juni 1982 Katiba ya Kenya ilibadilishwa ili nchi iwe ya chama kimoja kwa sheria. Mwezi huo huo wahadhiri kadhaa walitiwa mbaroni, miongoni mwao Willy Mutunga, mwalimu wa sheria aliyekuwa katibu mkuu wa chama kilichopigwa marufuku, na Al-Amin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa Kiswahili. Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia, alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kosa la kukutwa na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Yafaa ikumbukwe kuwa kukamatwa huko kulitukia kabla ya tarehe 1 Agosti 1982, siku ambayo baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua Serikali. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili na kudhani kwamba wahadhiri walikamatwa kwa sababu ya uasi wa askari. Mfuatano wa tarehe unakanusha dhana hiyo. Jaribio la mapinduzi lilileta balaa nyingine: Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa miaka kumi hivi suala la chama halikusikika hadharani, lakini halikufa. Mwezi Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya Tanzania zilikutana na kutoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mwezi Novemba mwaka huo huo wanataaluma wa Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio linalofanana na hilo. Desemba 1991 Kenya ikarudisha mfumo wa vyama vingi vya siasa, na uchaguzi ukafanyika Desemba 1992. Wahadhiri waliona kuwa ikiwa mwananchi anaruhusiwa kuunda chama cha siasa, hakuna sababu ya mwalimu kukatazwa chama cha kazi.

Wakaomba kusajiliwa, wakakataliwa. Mwishoni mwa mwaka 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vinne vya umma, yaani Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton, wakagoma. Dai lao kubwa halikuwa nyongeza ya mshahara. Walidai usajili wa chama, yaani haki ya kuwa na mtu wa kusema kwa niaba yao. Mgomo ulivuka mwaka na kuendelea kwa miezi mingi ya 1994. Viongozi wao, akiwamo mwenyekiti Korwa Adar na katibu mkuu Kilemi Mwiria, walifukuzwa kazi, na baadhi ya wagomaji waliamriwa kuzihama nyumba za chuo. Mgomo ulikwisha bila usajili kutolewa. Aliyetazama mambo kwa siku ile angesema wahadhiri wameshindwa.

Miaka tisa baadaye, mwaka 2003, baada ya Serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki kushika madaraka, chama cha wahadhiri kilisajiliwa. Kilemi Mwiria alikuwa sasa Mbunge na Waziri Msaidizi wa Elimu. Mwaka 2010 Katiba mpya ya Kenya, katika ibara yake ya 41, ilimpa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Mwaka 2011 Willy Mutunga, yule mfungwa wa 1982, akateuliwa Jaji Mkuu. Mwezi Machi 2017, baada ya mgomo wa siku 54, chama kilitia saini mkataba wa shilingi bilioni 10 za Kenya. Kwa hakika huo ulikuwa ushindi wa watu waliojua kungoja.

Lakini wakati mlango wa mbele unafunguliwa, watu wengi walikuwa wakiingizwa kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na vyuo vingine vikafuata mfano huo. Madarasa ya jioni na ya mwisho wa juma yakajaa watumishi wa Serikali, makarani, walimu, na maofisa wa polisi na jeshi waliotaka shahada bila kuacha kazi. Ada zao zikawa nguzo ya mapato ya chuo. Kisha vyuo vyenyewe vikaongezeka kwa kasi: vyuo vikuu vya umma vyenye hati kamili, ambavyo mwaka 2007 vilikuwa 7, vilifika 22 mwaka 2013. Wanafunzi waliongezeka upesi, lakini nafasi za ajira ya kudumu hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Pengo hilo lilizibwa na mhadhiri wa muda.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mhadhiri wa muda huitwa na mkuu wa idara muhula unapokaribia, mara nyingine ukiwa umekwisha kuanza. Hufundisha majuma yote ya muhula, hutunga mtihani, huusimamia na kuusahihisha. Akisha kukabidhi alama, hujaza fomu ya madai. Fomu hupita kwa mkuu wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kisha kwa mhasibu, na huko hungoja fedha. Kungoja huku huweza kuwa kwa miezi, na wapo waliongoja kwa miaka. Saa za kuandaa somo na za kusahihisha karatasi hazihesabiwi. Akiugua hana bima ya chuo. Mama akijifungua hana likizo yenye malipo. Ofisi hana, mwanafunzi mwenye swali humngoja chini ya mti au kwenye korido.

Mwaka 2016 likatokea jambo lililoutikisa mpango huo wote. Serikali ya Kenya ilikaza udhibiti wa udanganyifu katika mitihani ya kumaliza sekondari, na watahiniwa waliopata alama ya kuingia chuo kikuu wakashuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 2015 hadi chini ya 90,000. Wote waliofaulu wakaweza kupewa nafasi za udhamini wa Serikali, na wanafunzi wa kujilipia wakapungua sana. Mapato ya vyuo yakaporomoka, na madeni yakaongezeka. Mtu mwenye mkataba wa kudumu alicheleweshewa makato yake ya pensheni, lakini mshahara wake ulikuwa dai lenye nguvu ya sheria na nguvu ya chama. Mhadhiri wa muda alikuwa na fomu tu. Katika foleni ya wadai yeye aliwekwa wa mwisho.

Hapo msikilizaji atauliza: kwa nini basi hawajiungi na chama? Vizuizi ni vitatu, na kila kimoja yafaa kitazamwe.

Cha kwanza ni cha sheria. Sheria ya Mahusiano Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, na ada ya chama hukatwa katika mshahara. Utaratibu huo unamfaa mtu aliyemo katika orodha ya mishahara ya kila mwezi. Anayelipwa kwa fomu ya madai hana mshahara wa kukatwa. Tena mwajiri huweza kudai kuwa mtu huyo si mfanyakazi hata kidogo, bali ni mtoa huduma aliyeuza saa zake kama fundi anayeitwa kuziba bomba. Kabla hajadai nyongeza, yambidi kwanza athibitishe kuwa yeye ni mfanyakazi.

Kizuizi cha pili ni mtawanyiko. Mhadhiri wa muda hufundisha asubuhi katika chuo kimoja, alasiri katika kingine, na Jumamosi katika mji mwingine. Wenzake hawajui kwa majina. Askari wa kikosi kimoja hula pamoja, hulala pamoja, huamka kwa parapanda moja. Huyu hukutana na mwenziwe mlangoni tu, mmoja akitoka darasani na mwingine akiingia.

Cha tatu, nacho ndicho kikubwa, ni hofu. Mwaka 1994 chuo kilichotaka kumwondoa mgomaji kililazimika kumwandikia barua ya kumfukuza, na barua hiyo ilikuwa ushahidi aliouchukua mahakamani na kuuonyesha ulimwengu. Leo haihitajiki barua. Muhula ukifunguliwa, jina lake halimo katika ratiba. Hakufukuzwa, hakuitwa tu. Jambo ambalo dola ya miaka ya 1980 ililifanya kwa kizuizi na mahabusu, leo linafanyika kwa ukimya wa ratiba, wala hakuna mtu wa kulaumiwa kwa jina.

Haifai kusemwa kwamba kila ajira ya muda ni dhuluma. Mwanasheria anayefanya kazi mahakamani, daktari wa hospitali au mhandisi wa jeshi anaweza kufika chuoni mara moja kwa juma kuwafundisha vijana yale yasiyomo vitabuni. Huyo ana mshahara wake kwingine, na chuo hufaidika naye. Dhuluma huanza pale jina hilo la muda linapowekwa juu ya mtu anayeifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, naye hana nyingine. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu huyu alipewa jembe siku ya kwanza, lakini baada ya miaka kumi angali akiitwa mgeni.

Kipimo cha haki katika jambo hili kipo. Mwezi Novemba 1997 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, yaani UNESCO, lilipitisha Mapendekezo juu ya hadhi ya walimu wa elimu ya juu. Yanasema kuwa mwalimu anayefundisha kwa muda, tena kwa utaratibu wa kudumu, alipwe kwa uwiano sawa na mwenziwe wa ajira kamili, apate masharti ya msingi yale yale ya kazi, na awe na haki za likizo, za ugonjwa na za uzazi zinazolingana na za mwenziwe. Hayo si maneno ya wagomaji. Ni maneno yaliyokubaliwa na nchi wanachama.

Wala si kweli kwamba walimu wa namna hiyo hawawezi kuungana. Katika chuo kikuu kiitwacho The New School mjini New York, Marekani, walimu wa muda ndio sehemu kubwa kabisa ya walimu wote, nao wana chama chao. Mwezi Novemba 2022 waligoma kwa siku zipatazo 25, hadi Desemba. Walirudi na mkataba ulioongeza malipo, uliotambua kazi inayofanyika nje ya darasa, na uliopanua bima ya afya. Hali ya Marekani si hali ya Kenya, wala fedha za vyuo vyao si sawa. Lakini jambo moja halina mipaka: walisikilizwa walipokuwa wengi na wenye sauti moja.

Suala hili lamhusu vipi askari na polisi? Lamhusu kwa njia mbili.

Kwanza, mtu aliyevaa sare hana chama cha wafanyakazi, na anajua kwa nini. Mkataba wa 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, umeziachia nchi ziamue kwa sheria zao kuhusu majeshi na polisi. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 24, inaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haiwahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini mahali pa chama, dola imeweka vitu vingine: namba, cheo, ngazi ya mshahara, matibabu na pensheni. Askari ameacha haki moja akapewa dhamana nyingine. Mhadhiri wa muda ameikosa ile haki na ameikosa pia hiyo dhamana. Basi hakuna anayeweza kuelewa upesi hali yake kuliko askari, akijiuliza angekuwa nani bila namba yake na bila kikosi chake.

Pili, wafanyakazi wanapogoma, aghalabu ni polisi anayeagizwa kusimama mbele yao. Historia ya Kenya inaonyesha jinsi mgomo wa mishahara ulivyotazamwa kama uasi, na mwalimu akatendewa kama adui wa taifa. Sheria ya Kenya sasa inaeleza wazi: mgogoro ukisha kushindwa kusuluhishwa, na notisi ya maandishi ya siku saba ikitolewa, mgomo ni jambo halali. Kumlinda mgomaji wa amani na kumlinda asiyegoma ni kazi moja ya polisi. Mmoja wa viongozi waliotolewa kazini mwaka 1994, na yule aliyewekwa kizuizini mwaka 1982, walirudi kuitumikia nchi katika Bunge na katika kiti cha Jaji Mkuu. Aliyemkamata mmoja wao alimkamata Jaji Mkuu wa kesho bila kujua.

Kwa chama chenyewe cha wahadhiri wa Kenya, suala ni zito pia. Chama kinachowaacha nje wanaofundisha bega kwa bega na wanachama wake kinajidhoofisha chenyewe, kwa maana mwajiri akigomewa na wa kudumu huweza kumwita wa muda, na mwenye njaa hataweza kukataa. Nafasi ya kudumu ikifa na mwenyewe, hujazwa na wawili wa muda, na idadi ya wanachama hupungua kidogo kidogo bila mtu kupiga marufuku chochote. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Yanayodaiwa si makubwa: mkataba wa maandishi kabla ya muhula kuanza, malipo ya kila mwezi badala ya fomu inayosahaulika, na nafasi katika meza ya majadiliano. Waliogoma mwaka 1993 waliomba jambo moja tu, haki ya kusikilizwa pamoja, nao walilingoja miaka kumi. Haki hiyo imekwisha kuandikwa katika Katiba ya nchi yao. Kilichobaki ni kumfikia mwalimu ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara.